Ufundi wa Kifungu cha 220

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu 229. Cha 220 ndicho kinachostahili kusomwa polepole kuliko vyote.

Maseneta wa kipindi cha mpito, walioandaa rasimu, walikuwa na kazi ngumu: kumfunga mikono mtawala ambaye kesho angekuwa na wabunge wengi. Wakayataja mambo yasiyoguswa: jamhuri yenyewe, kura ya wote, serikali ya uwakilishi, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi, tena idadi na urefu wa vipindi vya Rais. Idadi na urefu, vyote viwili! Wangetaja idadi tu, miaka mitano ingefanywa saba na vipindi vikabaki viwili. Wangetaja urefu tu, cha tatu kingeongezwa.

Aya ya pili ni nzuri zaidi. Inakataza badiliko lolote lenye lengo au matokeo ya kupunguza haki za watu, au mamlaka ya mikoa na ya maeneo yaliyogatuliwa. Nia ya mtu huwa vigumu kuithibitisha mbele ya jaji, lakini matokeo yanaonekana. Na kwa kuwa kifungu cha 3 kinautaja mji na komini kati ya maeneo hayo, kinga hiyo inafika hadi mji wetu wa Likasi, mkoani Katanga ya zamani, na komini zake: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, katiba ya muda ya uhuru, ilipitishwa na bunge la Ubelgiji. Tarehe 11 Julai mwaka huo Katanga ikajitenga, na Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo, ukawa chini ya dola nyingine hadi Januari 1963. Ugomvi wa mamlaka kati ya mji mkuu na mkoa uliamuliwa kwa bunduki.

Wamarekani nao walifunga mambo mwaka 1787 pale Philadelphia. Kifungu chao cha 5 kililinda usawa wa majimbo katika Seneti, na kikazuia hadi mwaka 1808 badiliko lolote la kugusa uingizaji wa watumwa. Sentensi imeundwa vizuri, ikalinda biashara ya watu. Vipindi vya rais waliviacha wazi: Washington aliondoka kwa hiari yake mwaka 1797, Roosevelt akachaguliwa mara nne, na kikomo kikaandikwa mwaka 1951 tu. Hapo kalamu ya Kongo ni bora.

Katiba hiyo ina ufa wake, hata hivyo. Kifungu cha 70 kinamwacha Rais madarakani hadi mpya aingie kazini, ili kiti kisibaki wazi. Mei 2016 Mahakama ya Katiba ilikisoma kuwa ruhusa ya kuendelea, na uchaguzi ukachelewa hadi tarehe 30 Desemba 2018. Lakini kifungu cha 220 kilisimama. Mwaka 2011 vifungu vinane vilibadilishwa, chenyewe hakikuguswa, na Joseph Kabila, rais wa wakati huo, hakugombea tena.

Tangu Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alipozungumzia katiba mpya akiwa Kisangani, kifungu cha 220 kimerudi midomoni mwa watu. Kwa jinsi kilivyoandikwa, anayetaka kuongeza vipindi hawezi kupitia marekebisho madogo ya bungeni. Itambidi aiweke kando katiba nzima, hadharani, mbele ya wapiga kura.