Hijabu Shuleni: Kanisa Lilishinda Nini?

Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya umma huko Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo. Wanaouhesabu uamuzi huo kuwa ushindi wa imani hawajausoma vema. Majaji walio wengi walisema kwamba ombi la hijabu halikuletwa kwa utaratibu upasao. Kiini chake hakikuamuliwa. Swali limebaki kwetu: mfadhili ana wajibu gani kwa mtoto wa dini nyingine? Mwaka 1520 Luther aliufungamanisha uhuru wa Mkristo na utumishi kwa jirani. Jirani huyo, hapa, amevaa hijabu.