Simba wa Sinema na Simba wa Zizini

Sisi tukaao kati ya Mlima Hanang na Ziwa Manyara hatuhitaji kufundishwa simba ni nini. Wazee wa Wairaqw walijenga tembe, na usiku ng'ombe wakalala ndani pamoja na watu. Kwa Wabarabaig wa zamani, kijana aliyemwua simba kwa mkuki alizunguka kwa jamaa zake akapewa ng'ombe wa heshima, kwa kuwa ameondoa adui wa mifugo. Basi tukisikia habari za mchezaji wa sinema, Mwingereza, aliyejulikana duniani kwa kumpenda simba, yatupasa kumpima kwa kipimo chetu wenyewe, bila chuki, wala bila kumtukuza kwa sababu tu ni mgeni mwenye sifa. Mtu huyo ni Bill Travers.

Alizaliwa Sunderland, Uingereza, mwaka 1922. Katika vita vya pili vya dunia alikuwa ofisa wa askari Wagurkha, akapigana Burma, nchi ambayo askari wa K.A.R. kutoka kwetu nao walimwaga damu. Vita vilipokwisha akaingia kazi ya kuigiza. Mwaka 1955 alipata jina kwa picha ya sinema iitwayo Geordie, habari ya kijana dhaifu wa Uskoti aliyejifunza mazoezi ya mwili kwa barua, hata akawa mtupa nyundo katika michezo ya Olimpiki. Mwaka 1957 alimwoa Virginia McKenna, mchezaji mwenzake, na mara nyingi wakacheza pamoja, katika sinema na baadaye katika televisheni. Huo ulikuwa mwendo mzuri, lakini ni mwendo wa wachezaji wengi. Kama ungeishia hapo, tusingekuwa na sababu ya kumwandika.

Mwaka 1964 mume na mke hao walikuja Kenya, wakakaa karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, ili kuigiza Born Free, kitabu cha Joy Adamson kilichotoka mwaka 1960. Travers alimwigiza George Adamson, Bwana Nyama wa jimbo la kaskazini, aliyemlea simba jike aitwaye Elsa, kisha akamfundisha kuwinda na kumrudisha porini. Bwana Adamson mwenyewe alikuwapo kuwafundisha namna ya kukaa na simba. Picha ilitoka mwaka 1966, ikatazamwa na watu wengi mno.

Tuseme kwanza lililo jema. Travers hakucheza kwa makelele. Mchezaji mwenye kiburi angetaka macho yote yawe juu yake. Yeye alijua ya kuwa simba hafuati maneno ya kitabu, kwa hiyo akajifunza kungoja. Twamwona akitembea polepole, akinyosha mkono bila papara, akinyamaza mahali ambapo mwingine angesema. Mchungaji yeyote wa Dongobesh au Katesh atautambua mwenendo huo, maana ndivyo mtu anavyomwendea fahali mkali. Ustadi huo haukupatikana kwa kioo na rangi za uso. Ulipatikana kwa kukaa na wanyama wenyewe miezi mingi.

Walakini liko kosa, nalo limo mwanzoni kabisa. Picha yaanza kwa mwanamke Mwafrika afuaye nguo mtoni. Simba anamwua. Bwana Nyama anatumwa kumpiga bunduki simba huyo, na kwa kufanya hivyo anampiga na jike lake. Ndipo wanapatikana watoto watatu wa simba, na mmoja wao ni Elsa. Tangu hapo machozi yote ya watazamaji ni ya Elsa. Mzee wa kwetu akiitazama picha hii atauliza kwanza: Yule mama alikuwa nani? Alikuwa na watoto? Nani aliyewalea? Picha haijibu. Watoto wa simba wana majina, bali yeye hana. Watumishi Waafrika wa kambi nao wapo, wanabeba, wanapika, wanacheka, lakini hatuambiwi wanafikiri nini juu ya simba alalaye kitandani. Hatusemi kosa hili ni la Travers peke yake, kwa maana mchezaji hutumwa na mwenye picha. Lakini yeye ndiye uso wa picha ile.

Na tusidhani ya kuwa hilo ni neno la hadithi tu. Picha ilipokwisha, wengi wa simba waliotumiwa walipelekwa katika bustani za wanyama. Wachache tu walipewa Bwana Adamson awarudishe porini. Mmoja aliitwa Boy. Mwaka 1971, kambini Kora, Boy alimwua mmoja wa watumishi wa Bwana Adamson, naye Adamson akampiga Boy risasi. Hivyo lile la mwanzo wa picha likatokea kwa kweli, kwa simba wa picha hiyo hiyo. Apendaye simba na akumbuke habari hii, kama vile sisi tuchukiao simba tunavyopaswa kumkumbuka Elsa.

Sasa twafika mahali Travers alipoachana na wachezaji wengine. Wengi huvua nguo za mchezo, wakapokea mshahara, wakaenda kucheza jambo lingine. Yeye alifadhaishwa na habari za simba waliofungiwa. Yeye na James Hill, aliyeiongoza Born Free, wakatengeneza picha nyingine juu ya simba waliorudishwa porini. Kisha mwaka 1969 Travers na mkewe walipiga picha ya ndovu katika mbuga ya Tsavo, na mmoja wa ndovu wale alikuwa mtoto wa kike aliyepewa jina la lugha yetu, Pole Pole. Kazi ilipokwisha, Pole Pole alipelekwa London, zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya mji ule. Miaka ikapita. Travers na mkewe walipokwenda kumtazama, walimkuta peke yake, naye akanyosha mkonga kuwagusa mikono. Wakadai atolewe. Mwaka 1983, katika mashaka ya kumhamisha, aliumia mguu, akauawa. Hakuwa mzee, ndovu huweza kuishi miaka sitini, naye hakufika ishirini.

Hapo mchezaji alihukumiwa na mchezo wake mwenyewe. Angaliweza kusema, Mimi nilikuwa naigiza tu. Hakusema hivyo. Mwaka 1984 yeye na mkewe walianzisha chama cha kuchunguza bustani za wanyama, nacho baadaye kikachukua jina la Born Free. Katika miaka yake ya mwisho Travers alizunguka Ulaya na kamera, si kwa kuigiza, bali kwa kupiga picha za wanyama wazungukao bila kukoma ndani ya vyuma, wapigao vichwa ukutani, waliorukwa na akili kwa kufungwa. Alikufa mwaka 1994 akiwa angali katika kazi hiyo.

Kulinganisha ni vyema. Mwaka 1962 ilitoka picha nyingine kubwa, Hatari!, iliyopigwa huku huku kaskazini mwa Tanganyika, na Manyara ikiwamo. Humo mashujaa huwakimbiza wanyama kwa magari na kuwakamata ili wauzwe kwa bustani za wanyama, na watazamaji hufurahi. Watu wa picha hiyo walikwenda zao, na nchi yetu ikabaki kuwa uwanja wa mchezo wao. Travers naye alikwenda zake, lakini alichukua deni, akalilipa kwa miaka yake iliyobaki.

Basi hukumu yetu ni hii. Kama mchezaji, Travers alikuwa mtu wa kipimo cha kati, aliyepata mara moja kazi iliyomfaa kabisa. Kama mtu, alikuwa mkubwa kuliko kazi zake, kwa kuwa maneno aliyotamka mbele ya kamera aliyahesabu kuwa ahadi. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, wala hakupewa ruhusa ya kutesa. Lakini Daudi naye, alipokuwa mchungaji, alimwua simba kwa ajili ya kondoo, wala hakulaumiwa. Travers alilijua vema la kwanza. La pili halimo katika picha yake.

Nasi tusingoje wageni watuandikie hilo la pili. Simba na ndovu wangali wanatoka Manyara na msitu wa Marang, na asubuhi mwenye shamba hulia juu ya mahindi yaliyokanyagwa. Wako vijana wetu walio na kalamu, na wengine wana kamera. Siku moja na waifanye picha ya nchi hii, ambamo simba ana jina, na mama afuaye mtoni naye ana jina.