Fundi Anayenusa Plagi

Gari likigoma kutoka gia ya pili, mwenye gari hutaka kuambiwa mambo mawili tu: kipi kimekufa, na kinauzwa bei gani. Mafundi wengi humjibu papo hapo. Wanachomeka mashine ya kupimia, wanasoma kodi ya hitilafu, wanaitaja kontroli boksi ya gia, na kesho yake boksi mpya iko mezani. Mimi nataka kumsifu fundi mwingine, yule anayesoma kodi ileile akanyamaza, akapiga magoti, akaichomoa plagi ya ile kontroli boksi na kuinusa.

Ananusa kama kuna oili ya giaboksi. Kwa nini pua imshughulishe kuliko mashine aliyoishika mkononi? Jibu liko chini ya gari.

Gari lenyewe ni motahomu, nyumba kamili iliyojengwa juu ya chesisi, ina kitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji. Huko Marekani ziko za ukubwa wa basi, na ziko ndogo zilizojengwa juu ya Mercedes-Benz Sprinter, kama Winnebago View ya kampuni yenye makao yake ya asili Forest City, jimbo la Iowa. Wastaafu huteremka nazo kusini kukimbia baridi, hadi jangwa la Arizona, na kiangazi huzipandisha milima ya Colorado, ambako barabara ya I-70 hufika mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari pale inapoingia handaki la Eisenhower. Ni zaidi ya tani nne zinazopandishwa na injini ndogo ya dizeli, kwa hiyo giaboksi haipumziki. Na motahomu ikilala gereji, wenyewe hawana pa kulala. Ndiyo maana fundi anayeitengeneza hufanya kazi huku familia imesimama nyuma yake, na kila mmoja wao anatamani asikie kwamba tatizo ni kitu kimoja kinachoweza kununuliwa.

Sprinter zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 2001 zilifungwa giaboksi otomatiki ya gia tano ambayo Mercedes waliileta mwaka 1996, na mafundi wanaijua kwa namba yake: 722.6. Namba hiyo si ngeni Nairobi wala Dar es Salaam. Iko chini ya E-Class nyingi za W210 na C-Class za W203 zinazoonekana kila siku Ngong Road na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Ilifungwa pia kwenye Chrysler 300C, kwenye SsangYong Rexton, hata kwenye Jaguar XJR. Kwa hiyo ninayoyasema hapa juu ya motahomu ya Iowa, makanika wa Kirinyaga Road anaweza kuyahakiki mchana huohuo kwenye gari lililoegeshwa mbele yake.

Ndani ya giaboksi hiyo hakuna gia zinazosogezwa kukutana. Meno yote yameshikana muda wote, katika seti tatu za gia za sayari. Kinachobadilika ni nani anashikwa na nani anaachiwa, na kazi hiyo hufanywa na klachi tatu na breki tatu za sahani nyembamba zilizolowa oili. Klachi moja iachie huku breki nyingine inashika, katika sehemu ndogo ya sekunde. Ikiwahi gari linashtuka, ikichelewa injini inanguruma bure. Anayeamua hayo ni kontroli boksi, ambayo haipo kwenye giaboksi hata kidogo. Imewekwa ndani ya gari, mahali pakavu, na amri zake hushuka kwa waya hadi kwenye solenoidi sita zinazofungua na kufunga njia za oili.

Waya hizo huingia giaboksi kupitia plagi moja ya mviringo yenye pini 13. Upande mmoja wa plagi kuna oili ya moto inayorukaruka. Upande wa pili kuna waya na dunia. Kinachozitenga pande hizo mbili ni bushi ya plastiki yenye pete mbili za mpira.

Mpira ukiungua na joto kwa miaka hukakamaa, na oili hupata upenyo. Sehemu yake hudondoka chini, na mwenye gari akiona tone sakafuni hudhani ni jambo dogo. Sehemu nyingine huingia ndani ya waya zenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ngozi ya plastiki, ikaanza kupanda. Hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari, polepole, bila pampu, hadi inafika kwenye kontroli boksi kule juu, ndani ya gari. Anayeambiwa hili mara ya kwanza haamini. Oili safi haipitishi umeme kwa urahisi, lakini hii imetoka kwenye giaboksi iliyochakaa na imebeba vumbi la klachi na chembe za chuma. Ikitua juu ya pini na saketi, kontroli boksi huanza kuona namba zisizowezekana, na isipoamini inachokiona huchagua usalama: inakata umeme wa solenoidi. Gari hubaki kwenye gia iliyopo. Ukilizima na kuliwasha tena hupati ila gia ya pili na ya kurudi nyuma.

Basi kodi ya mashine ikisema kontroli boksi ina hitilafu, haisemi uongo. Boksi kweli imeharibika. Lakini marehemu na muuaji ni watu wawili, na fundi aliyekwenda moja kwa moja dukani amemzika marehemu huku muuaji amekaa palepale kwenye plagi. Boksi mpya ikifungwa juu ya waya zilezile zilizolowa, itakunywa oili ileile. Hasara hiyo huipata mwenye gari mara mbili, na kisa ni pete mbili za mpira ambazo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya boksi.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe, na hapo ndipo heshima yangu iko. Kufunga kontroli boksi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kukataa kuifunga mpaka kila mshukiwa mwingine ameulizwa na kujibu. Fundi rewaya mzuri huanza na umeme unaoingia: betri, fyuzi, waya wa ethi. Na hapimi waya uliolala. Waya wenye kutu ndani huonyesha volti 12 kamili ukiwa hauna kazi, kisha huanguka mara ukiubebesha mzigo, kwa hiyo yeye huufungia balbu kwanza, balbu ikiwaka ndipo anapima. Ni hatua ndogo sana, na nimeona jinsi inavyorukwa na watu wenye vyeti ukutani.

Halafu huulizwa sensa. Ndani ya giaboksi kuna mbili za mwendo, N2 na N3, zimeshikizwa kwenye sahani ya plastiki yenye njia za umeme, na zenyewe hufa kwa uzee, zikatoa dalili zinazofanana kabisa na za boksi iliyokufa. Lakini mwendo wa mwisho, ule unaokwenda kwenye magurudumu, 722.6 haina sensa yake. Kontroli boksi huuomba kutoka kwenye mfumo wa breki za ABS. Kwa hiyo sensa ya gurudumu la nyuma iliyojaa tope inaweza kuifanya giaboksi nzima igome, na mtu aliyeifumua giaboksi atatafuta kosa hadi jioni asilione, kwa sababu kosa liko nje, kwenye gurudumu. Fundi anayelijua hili huzungusha magurudumu ya nyuma kwanza na kusoma namba zake kabla hajagusa spana.

Kuna jingine ninalolipenda kwa udogo wake. Kipima joto cha oili kwenye giaboksi hii kimeunganishwa kwenye njia moja na swichi inayotambua kwamba gia iko P au N. Gari likiwa limeegeshwa, njia hiyo imekatika, na kontroli boksi haioni joto la oili. Huazima joto la injini. Kwa hiyo fundi anayesoma joto la oili gari likiwa P anasoma habari ya kitu kingine. Ni lazima aweke gia, mguu kwenye breki, ndipo asome. Na joto hilo analihitaji, maana kiwango cha oili hupimwa ikiwa imefika nyuzi 80. Ikiwa baridi, kipimo hukudanganya. Watengenezaji hawakuweka hata kijiti cha kupimia, waliweka mrija wenye kifuniko kilichofungwa, na fundi huingiza kijiti chake maalumu. Oili ilisemekana ingedumu maisha yote ya gari. Baadaye muda wa kuibadilisha ulirudishwa, na mafundi hawakushangaa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiiona imetoka nyeusi.

Sasa tuseme pua imethibitisha. Fundi hukata betri, huteremka chini, hugeuza pete ya plagi ya pini 13, huivuta, huilegeza skrubu moja, na bushi ya zamani inatoka ikiwa imelowa. Mpya huingia. Juu, plagi ya kontroli boksi husafishwa kwa dawa ya kupuliza, hufutwa kwa tishu nyeupe, huachwa, husafishwa tena, maana waya huendelea kutoa zilichokunywa. Boksi yenyewe hufunguliwa na kuoshwa. Mafundi wetu wana mkono mzuri kwa kazi hii. Boksi nyingi ambazo kwingine zingetupwa, hapa huoshwa kwa spiriti, hulehemiwa pale palipoachia, na hurudi kazini. Sioni kama ni ufundi wa umaskini. Ni ufundi wa kuamini kwamba kitu kilichotengenezwa na watu kinaweza kufunguliwa na watu.

Boksi isiporudi kazini, ndipo inabadilishwa, na hapo kuna kazi ambayo macho hayaioni. Boksi mpya haijui imefungwa kwenye gari gani. Ni lazima iingiziwe programu ya gari hilo: uwiano wa difu, ukubwa wa matairi, aina ya injini. Ya mtumba, iliyopitia masoko ya Sharjah kabla ya kufika Gerezani, Dar es Salaam, ina taabu nyingine: inakuja na kumbukumbu za giaboksi ya gari jingine. Kila klachi huchakaa kwa namna yake, na kontroli boksi hujifunza taratibu klachi ipi inahitaji oili kidogo zaidi ili ishike. Mafunzo hayo ya gari la zamani lazima yafutwe, kisha boksi ifundishwe upya barabarani. Fundi huchukua usukani mwenyewe. Anasubiri oili ipate joto, anakanyaga mafuta kwa upole, anaiacha ipande gia moja hadi nyingine, anapunguza, anarudia. Asiyeelewa humwona anazunguka na gari la watu bila sababu. Yeye anasikiliza kila gia inapoingia, na mara ya mwisho inaingia laini kuliko ya kwanza.

Akirudisha ufunguo humwambia mwenye gari arudi baada ya wiki chache, hata kama haoni kasoro. Atachomoa tena plagi ya juu na kuifuta. Oili iliyokuwa imebaki katikati ya waya bado inaweza kufika, na ikiwa ni kidogo ataisafisha na kufunga. Ikiwa nyingi, waya wote kutoka plagi ya chini hadi boksini utatolewa na kuwekwa mwingine, na hilo humwambia mteja mapema, siku ileile ya kwanza, pamoja na bei yake.