Masharubu ya Gundam: Hadhira, Mazoea na Haki ya Kusanifu Upya

1. Utangulizi

Mnamo Aprili 1999, kituo cha Fuji TV nchini Japani kilianza kuonyesha mfululizo wa vibonzo wa sehemu 50 ulioitwa ∀ Gundam, jina linalosomwa "Turn A Gundam". Mwongozaji wake alikuwa Yoshiyuki Tomino, yule yule aliyekuwa ameasisi Gundam ya kwanza miaka 20 kabla. Safari hii, hata hivyo, kazi ya kulichora jitu kuu la chuma haikukabidhiwa msanii wa Kijapani. Ilikabidhiwa Syd Mead, msanifu wa Kimarekani aliyekuwa amejijengea jina kwa michoro yake katika filamu za Blade Runner na Tron, zote za mwaka 1982. Jitu alilolichora lilikuwa na masharubu.

Neno hilo si tashbihi ya wakosoaji tu. Wahusika wenyewe katika hadithi huliita jitu hilo kwa lakabu ya masharubu. Nje ya hadithi, hadhira kubwa ya Gundam ililipokea kwa kicheko, kwa hasira na kwa rai kwamba lisanifiwe upya ili lifanane na ndugu zake. Makala haya yanachunguza rai hiyo. Hoja yake ni kwamba mashabiki waliolikataa jitu la Mead hawakuwa wajinga wa sanaa. Kinyume chake, walikuwa wasomaji mahiri wa sarufi ya utanzu wao, na umahiri huo ndio uliowazuia kuona kazi iliyokuwa mbele yao. Suala linaloibuka linamhusu kila mhakiki: je, hadhira iliyoilea sanaa kwa mapenzi ya miaka mingi ina haki gani juu ya umbo lake?

2. Sarufi ya Jitu

Jitu la Gundam lililochorwa na Kunio Okawara kwa ajili ya mfululizo wa 1979 lina sifa zinazotambulika hata kwa kivuli. Mwili ni mweupe, kifua ni cha buluu, kidevu ni chekundu. Macho ni mawili kama ya binadamu, na katika kipaji cha uso pana pembe za manjano zilizopanuka kwa umbo la herufi V, mithili ya pambo la kofia ya vita ya samurai. Sifa hizi zilirudiwa na kutiwa madoido katika Zeta Gundam ya 1985, Victory Gundam ya 1993, Gundam Wing ya 1995 na nyinginezo. Katika kila kazi pembe ziliweza kurefushwa au kuongezwa, lakini mahali pake palikuwa ni pale pale: juu ya macho.

Kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, mwasisi mmojawapo wa nadharia ya upokezi, sifa hizi ziliunda upeo wa matarajio wa hadhira. Mtazamaji hakuja mbele ya kazi mpya akiwa mtupu. Alikuja na kipimo alichokirithi kutoka kazi zilizotangulia. Alichokifanya Mead ni kuishusha ile V. Aliiondoa katika kipaji akaiweka chini ya macho, pande mbili za uso, ikawa masharubu. Miguu nayo aliichora kwa mikunjo laini pasipo zile kona kali zilizozoeleka, na chumba cha rubani akakiweka kwenye kinena. Kwa mtazamaji aliyezoea sarufi ya awali, hili lilikuwa kosa la kisarufi lililofanywa na mgeni asiyeijua lugha.

Ikumbukwe kwamba mgogoro wa aina hii si mgeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Tangu Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilipata hadhi ya sheria iliyoandikwa. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka Nairobi mwaka 1974, wapo waliosema kwamba yaliyomo si mashairi. Aliyesema hivyo aghalabu hakuwa mtu asiyeujua ushairi. Alikuwa malenga aliyeujua kwa undani. Shutuma kwamba "hili si shairi" na shutuma kwamba "hii si Gundam" zina muundo mmoja: zote mbili huchukua ufafanuzi wa utanzu zikaufanya hukumu juu ya thamani ya kazi.

3. Hoja za Wanaotaka Jitu Lisanifiwe Upya

Hoja za wapinzani zinaweza kupangwa katika mafungu matatu. Ya kwanza ni hoja ya ujumi: masharubu yanachekesha, na jitu la vita halipaswi kuchekesha. Ya pili ni hoja ya utambulisho: pembe za kipajini ndizo zinazolifanya jitu kuwa Gundam, na zikishushwa jina hilo hubaki bila mwenyewe. Ya tatu ni hoja ya umiliki: mashabiki ndio walioiokoa Gundam, kwa hiyo wana sauti katika umbo lake.

Hoja hii ya tatu ndiyo nzito kupita zote, na historia inaiunga mkono kwa kiasi fulani. Mfululizo wa 1979 haukupata watazamaji wa kutosha. Ulikatizwa katika sehemu ya 43 badala ya kufika sehemu 52 zilizopangwa. Uhai wake ulirudishwa na marudio ya televisheni, na filamu tatu za mwaka 1981 na 1982, na vielelezo vya plastiki vya kuunganisha vilivyotolewa na kampuni ya Bandai kuanzia mwaka 1980. Shabiki aliyekata, akabandika na kupaka rangi kielelezo chake alikuwa mshiriki katika sanaa hiyo na si mtazamaji tu. Katika utamaduni huu, kubadilisha umbo la jitu ni jambo la kawaida na la heshima. Kwa hiyo rai ya kusanifu upya haikuwa ufidhuli. Ilikuwa ni lugha ambayo hadhira ilikwisha kufundishwa kuizungumza.

Lakini historia hiyo hiyo inakata pande zote mbili. Kama jitu la Okawara nalo lilianza maisha yake katika mfululizo uliokatizwa, basi sura inayotetewa leo kuwa ndiyo asili na kipimo haikuzaliwa ikiwa kipimo. Ilifanywa kuwa kipimo na muda. Anayetumia mapokeo kulizuia jitu jipya anasahau kwamba mapokeo hayo yalikuwa na siku yake ya kwanza.

4. Masharubu katika Muktadha wa Kazi

Kasoro kubwa ya mjadala ni kwamba jitu lilihukumiwa kwa mchoro kabla ya kuhukumiwa kwa hadithi. Hebu tuirejelee kazi yenyewe. ∀ Gundam inasawiri dunia ya baadaye ya mbali ambayo imesahau ustaarabu wake uliopita. Watu wanaishi kwa magari na ndege za awali kama zile za mwanzo wa karne ya 20. Kijana Loran Cehack, mzaliwa wa mwezini aliyeteremka duniani, anafanya kazi katika nyumba ya familia ya Heim. Jitu linatokea ndani ya sanamu ya mawe iitwayo White Doll, inayoheshimiwa na wenyeji na ambayo mbele yake vijana hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima. Sanamu inapasuka usiku wa mashambulizi kutoka mwezini, na silaha inajitokeza kutoka ndani ya kitu kilichokuwa kikiabudiwa.

Wenyeji hawa hawajui Gundam ni nini. Wanalitazama jitu kama watu wanaoona kitu kisicho na jina, wanaliita masharubu, kisha wanalipa kazi. Loran analitumia kufulia nguo. Analitumia kusafirisha ng'ombe ndani ya kifua chake. Baadaye, ndani ya kifua hicho hicho, analazimika kuhifadhi mabomu mawili ya nyuklia yaliyofukuliwa. Taswira hii ya kifua kimoja kinachobeba ng'ombe na maangamizi ndiyo kiini cha maudhui ya kazi nzima. Inadhihirika baadaye kwamba jitu hili lenye sura ya babu mpole ndilo lililouteketeza ustaarabu wa zamani. Kuchekesha kwake na kutisha kwake ni kitu kimoja.

Chukua basi zoezi analoweza kulifanya shabiki yeyote mwenye kisu na gundi: ondoa masharubu, rudisha pembe kipajini, nyoosha miguu iwe na kona kali. Jitu litakalopatikana litapendeza kwa kipimo cha zamani. Lakini litakuwa limetangaza, tangu linapotoka katika sanamu, kwamba ni silaha ya shujaa. Mtazamaji atakuwa anajua asichokijua mhusika yeyote. Mshangao wa wanakijiji utageuka kuwa ujinga wao, na ng'ombe kifuani atakuwa kichekesho kilichobandikwa badala ya kuwa sehemu ya hoja. Hapa ndipo fani na maudhui yanapokataa kutenganishwa. Masharubu yanamlazimisha mtazamaji mzoefu asimame mahali alipo mwanakijiji, mbele ya kitu asichokitambua. Viktor Shklovsky alidai mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kiwe kigeni ili kionekane upya. Ni nadra kupata mfano ambamo hasira ya hadhira inathibitisha dai hilo kwa uwazi kiasi hiki.

Hata jina linashuhudia. Alama ya ∀ ni herufi A iliyopinduliwa, na katika mantiki ya kihisabati ina maana ya "kwa kila". Kazi inadai kwamba historia zote za Gundam zilizotangulia, pamoja na vita vyake vyote, ndiyo ile enzi ya giza iliyozikwa. Kazi yenye dai kama hilo isingeweza kuvaa sura ya mojawapo ya historia hizo. Ilihitaji mkono wa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

5. Muda na Hukumu

Mwaka 2007, Bandai ilipofikia kielelezo cha 100 katika kundi lake la vielelezo bora liitwalo Master Grade, jitu lililochaguliwa kwa nafasi hiyo ya heshima lilikuwa la Mead, pamoja na masharubu yake. Mead alifariki mwishoni mwa mwaka 2019, na jitu lililokejeliwa linahesabiwa miongoni mwa kazi zake zinazokumbukwa.

Hata hivyo, mhakiki asikimbilie kusema kwamba muda huthibitisha kila kilichopingwa. Zipo kazi zilizopingwa kwa haki na zikasahauliwa kwa haki. Wala mazoea peke yake hayatoshi kuwa maelezo. Mtu huzoea hata ubaya. Kilichobadilisha hukumu katika kisa hiki ni kwamba kulikuwa na kitu cha kurudiwa: kila aliyeitazama hadithi hadi mwisho alipata sababu ya masharubu ndani ya kazi yenyewe. Kwa kutumia kigezo hiki, ugeni wa umbo unaoweza kutetewa ni ule ambao ukiondolewa, maudhui hupungua. Ugeni ambao ukiondolewa hakuna kinachopungua ni madoido.

6. Hitimisho

Imebainika kwamba rai ya kulisanifu upya jitu la ∀ Gundam ilitokana na umahiri halisi na mapenzi halisi ya hadhira. Hadhira ina haki ya kukataa, kucheka, na hata kukata plastiki yake nyumbani ikaunda jitu ilipendalo. Kufanya hivyo ni namna mojawapo ya kusoma. Haki isiyokuwa nayo ni ya kudai kwamba msanii alichore kabla ya kazi kile ambacho hadhira imekwisha kukipenda, kwa maana mtindo huo ungetawala tangu awali hata jitu la 1979 lisingechorwa. Wajibu wa mhakiki ni kuisikiliza hasira ya hadhira kama ushahidi wa mahali ambapo kazi imegusa, kisha kuuliza swali ambalo hasira haiulizi: umbo hili linafanya kazi gani?