Kisima, Wimbo na Hoja: Falsafa ya Karne ya 18 na Nyimbo za Kaskazini Mashariki

Ipo tabia miongoni mwa wahakiki wetu ya kuzihesabu nyimbo pendwa kuwa burudani tu, na falsafa kuwa mali ya vitabu vya Ulaya. Makala haya yanakusudia kuipinga tabia hiyo kwa ushahidi wa nyimbo za Wasomali wa Kaskazini Mashariki ya Kenya.

Jean-Jacques Rousseau, katika insha yake juu ya asili ya lugha iliyochapishwa mwaka 1781, baada ya kufa kwake, alidai kwamba katika nchi kame watu walikutanishwa na visima, na kwamba hapo vijana walipokuja kuteka maji ndipo usemi wa kwanza ulipozaliwa, ukiwa karibu sana na wimbo. Anayeijua Wajir na visima vyake hawezi kulipuuza wazo hilo. Hata hivyo, nyimbo za kunyweshea ngamia zamsahihisha mwanafalsafa huyo. Ingawa alikiri kuwa watu walilazimika kupatana juu ya maji, chanzo cha usemi alikiweka katika mapenzi. Wimbo wa kisimani ni mapigo ya kazi: huwaunganisha wavutaji maji wapate kwenda pamoja. Zao lake la kwanza ni utaratibu.

Immanuel Kant naye, mwaka 1784, alimtaka kila mtu athubutu kutumia akili yake mwenyewe. Lakini uhuru aliouombea ni ule wa msomi anayewaandikia wasomaji, na katika insha iyo hiyo alisema kwamba wanawake wote waiogopa hatua hiyo. Kisomali kilipata hati rasmi nchini Somalia mwaka 1972. Je, kabla ya hapo hapakuwa na hoja za hadharani? Buraanbur, utanzu wa wanawake, wajibu swali hilo. Nalo kundi la Gargar, la wanawake wa Garissa, limeifikisha sauti ya wanawake wa huko kwenye albamu.

Haina maana kwamba kila wimbo ni hoja. Ziko nyimbo za kusifu wenye mali, na ziko za kuchochea koo. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: je, wimbo unakubali kujibiwa? Mlolongo wa Deelley wa miaka ya 1979 na 1980, ulioanzishwa na Gaarriye, ulikuwa malumbano ya washairi wengi juu ya ukabila. Hapo ndipo akili inapotumika mbele ya umma, ingawa pasipo kitabu.

Suala hili si la nadharia tupu. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, na uhuru wa kusema ulibanwa. Mhakiki anayetafuta fikra za miaka hiyo katika maandishi peke yake atahitimisha kwamba watu walinyamaza. Hitimisho hilo litakuwa dhuluma ya pili, nayo itakuwa yetu sisi wasomi.