Fikra za Kirusi na Mzigo wa Uhakiki

Historia ya fikra za kifalsafa na kijamii nchini Urusi katika karne ya 19 haitenganiki na historia ya uhakiki wa fasihi. Chanzo cha hali hii ni siasa. Jarida la Teleskop lilipochapisha barua ya kifalsafa ya Pyotr Chaadaev mwaka 1836, lilifungwa, mhariri wake akapelekwa uhamishoni, naye mwandishi akatangazwa rasmi kuwa mwendawazimu. Mwaka 1850 serikali ya Nicholas I iliifuta falsafa katika vyuo vikuu, ikabakiza mantiki na saikolojia mikononi mwa walimu wa theolojia. Hoja zilizonyimwa mimbari zikajihifadhi katika kurasa za majarida ya fasihi.

Aghalabu Vissarion Belinsky na waliomfuata husifiwa kwa kuifanya fasihi kuwa dhamiri ya taifa. Sifa hiyo wanaistahili, lakini ilikuwa na gharama yake: riwaya ikishageuzwa kuwa hati ya hoja, fani hubaki ganda la maudhui. Mtazamo huu umerithiwa na wanahistoria wengi wa fikra, na udhaifu wake unadhihirika katika mfano mmoja mashuhuri.

Nikolai Chernyshevsky aliandika Nini Kifanyike? akiwa kifungoni, ikachapishwa mwaka 1863. Humo binadamu anayeongozwa na akili hutambua kuwa maslahi yake halisi yanapatana na ya wenzake. Mwaka uliofuata Dostoevsky alitoa Maandishi ya Chini ya Sakafu, ambamo msimulizi anaikejeli imani hiyo na kudai haki ya kutaka hata lile linalomdhuru. Kwa kawaida madai hayo hunukuliwa kana kwamba ni falsafa ya Dostoevsky mwenyewe.

Usomaji huo unaisahau sehemu ya pili ya kitabu. Humo mtetezi huyo wa uhuru anamdhalilisha Liza, kahaba aliyemwendea kwa imani, na uhuru wake unadhihirika kuwa kifungo kingine. Kwa hiyo msuko unamhukumu msemaji bila kumrudishia Chernyshevsky ushindi. Hoja haiwezi kunyofolewa kinywani mwa mhusika na kubaki ile ile.

Hapana budi, basi, mwanahistoria wa fikra za Kirusi awe kwanza msomaji wa fani. Asipouliza nani anasema, na katika hali gani, ataandika historia ya mawazo ambayo waandishi wenyewe hawakuwa nayo.