Sindano Isiyostahili Kuombwa

Mliokuwepo kwenye onyesho lile la kupima tumbo hapa Karatu mliona wenyewe, kwa hiyo sitasimulia yote. Mwanzo ulikuwa safi: mikono ilipashwa moto, mzee akalazwa chali, akakunja magoti, akatazamwa kabla ya kuguswa. Kisha mkufunzi akabonyeza mara mbili chini ya mbavu za kulia, akatamka "jipu la ini", akaomba sindano ndefu. Uamuzi huo ulikuwa kosa, na sioni wa kuutetea.

Turudi nyuma. Mzee ni mfugaji wa upande wa Endulen. Uvimbe ameishi nao miaka. Homa hana, hajakonda, na alipobonyezwa hakukunja uso. Jipu la amiba halina tabia hiyo. Humlaza mtu kwa homa na jasho, na ukimbonyeza kwa kidole katikati ya mbavu anaruka. Kilichokuwa mbele yetu ni uvimbe wa mviringo, wenye uso laini, mgumu kiasi, usiouma, unaoshuka kila mzee anapovuta pumzi kwa kuwa umeshikana na ini. Wale wanaosubiri mtetemo wa majimaji unaosifiwa vitabuni watasubiri sana. Ni nadra kuupata.

Swali moja lingetosha: "Mzee wangu, bomani mna mbwa?" Halikuulizwa. Ngorongoro na Loliondo ni nchi ya hidatidi, ugonjwa wa vifuko vya tegu wa mbwa, na sababu yake tunaijua. Mbwa hutupiwa maini na mapafu mabichi ya kondoo, hupata tegu, na mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake hadi kwenye mikono, maji na chakula cha watu. Kifuko hukua ndani ya ini polepole, bila kelele.

Ukikitoboa bila kuona unakokwenda, maji yake huvuja tumboni. Yanaweza kuamsha mzio mkali unaoua kwa dakika chache, na mbegu zilizomwagika huota vifuko vipya. Wapo wanaotoboa hidatidi kwa makusudi, lakini hutanguliza albendazoli, huongozwa na altrasaundi, na adrenalini iko mkononi. Pale hapakuwa na hata kimoja. Kwamba muuguzi alisita na sindano haikuchomwa ni sifa yake muuguzi. Uamuzi unabaki ulivyokuwa.

Miaka mingi nimewalaumu wanaokimbilia altrasaundi kabla ya mikono. Safari hii mikono ilikatizwa njiani na mashine ikarukwa pia. Upande wa pili wa tumbo haukuguswa. Narudia ninalolirudia kila mwaka: bandama huanza kutafutwa kwenye kinena cha kulia, mkono ukipanda kuelekea mbavu za kushoto. Anayeanzia juu huweka kiganja juu ya bandama kubwa ya mtu wa Mang'ola, aliyeumwa malaria tangu utoto, akaandika kwamba hakuna kitu. Kinena nacho hakikufunuliwa, na ngiri zitaendelea kutupita hivyo hivyo.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, hakuridhika na uvimbe wa taya za watoto alioletewa. Alipapasa na matumbo yao, akakuta uvimbe wa ugonjwa huo huo kwenye viungo vya ndani. Mwaka 1961 alishika barabara kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, kama maili 10,000, akiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa ule unaonekana wapi na wapi haupo. Kwake, mahali mgonjwa anapotoka palikuwa sehemu ya uchunguzi, sawa na mkono juu ya tumbo. Sisi tunaishi palepale penye hidatidi, na bado tulisahau kuuliza.

Kanuni ya wodi zetu iwe hii: uvimbe wa mviringo usiouma kwenye ini la mtu wa mifugo na mbwa ni hidatidi mpaka altrasaundi ikatae, na kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuomba sindano.